Kurekebisha Mapatano ya Kutunza Siri: Hatari ya Neno Moja

Mapatano ya kutunza siri ni ahadi kwamba habari watakazopeana wahusika hazitafika kwa mtu wa nje. Mazungumzo yakiendelea, mara nyingi huonekana haja ya kuyageuza: muda uongezwe, au mshauri mwingine aruhusiwe kuzisoma hati. Hapo ndipo mfasiri hana budi kuchagua neno kwa uangalifu.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, katika kifungu cha 62, ilitenganisha mambo matatu: kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa kwanza, kuutangua, na kugeuza masharti yake. Yote matatu yahitaji ridhaa ya pande zote. Tanganyika iliitumia sheria hiyo wakati wa utawala wa Waingereza, na sheria yake ya mwaka 1961 ikafuata mfano huo.

Tatizo letu ni neno "kubadilisha". Mtu hubadilisha sauti yake, nayo ikabaki sauti ile ile. Hubadilisha shati, akavaa jingine. Tuseme mwenye kiwanda amekwisha kumwonyesha mnunuzi vitabu vya hesabu. Masharti yakirekebishwa, ahadi ya kwanza inaendelea. Mkataba mwingine ukishika nafasi yake, ahadi ile hukoma, na siri zilizokwisha kutolewa huweza kubaki bila ulinzi wa mkataba, isipokuwa hati mpya izitaje.

Namna ya kukubaliana nayo ina uzito. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Rock Advertising lililohusu ukodishaji wa ofisi, iliamua kwamba sharti la kutaka marekebisho yawe ya maandishi lina nguvu. Makubaliano ya mdomo hayakutosha. Sharti la namna hiyo huwekwa mara kwa mara katika mapatano ya siri pia.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo yapendekezwa "marekebisho" yatumike pale mkataba unapoendelea, "mkataba mbadala" pale mwingine unaposhika nafasi yake, na "utanguaji" pale unapoondolewa. Neno "kubadilisha" liachiwe mazungumzo ya kila siku.