Mkojo Haujui Cheti cha Daktari

Fundi wa ndege kutoka Kiogoro akiumwa mgongo, daktari anaweza kumwandikia kodeini. Shida ni kwamba mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini, na mofini ndiyo hutafutwa pia kwa mtumiaji wa heroini. Kipimo hakiulizi uliipata wapi.

Vipimo hivi vilitoka Marekani. Mwaka 1981 ndege ya kijeshi ilianguka juu ya manowari Nimitz, wakafa watu 14, na baadhi ya maiti zikakutwa na bangi. Jeshi la majini likakaza upimaji wa mkojo. Mwaka 1986 Rais Reagan akaagiza watumishi wa serikali nao wapimwe, na sheria ya 1991 ikawagusa wafanyakazi wa ndege.

Walisaka bangi na kokeni, wagonjwa wakanaswa njiani. Hata mbegu za mpopi kwenye mkate zilimponza mtu, hadi 1998 kiwango kikapandishwa kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita. Ndio maana huko daktari hupitia majibu kabla mwajiri hajaambiwa.

Kwa hivyo tunza cheti chako. Lakini cheti kinasema tu dawa ni yako. Hakisemi uko macho ya kutosha kukaza bolti ya ndege.