Mafuta Nyuma ya Mboni

Kabla ya 1851, tabibu hakuwa na njia ya kuchungulia vizuri nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka huo Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya kifaa chake cha kulitazamia, na hapo ndipo inapoanzia habari ya maradhi yanayokula kitovu cha uoni wa wazee. Mgonjwa huona mwimo wa mlango umepinda. Huyaona masikio ya mjukuu wake, uso asiuone.

Mwaka 1855 Franciscus Donders wa Uholanzi alieleza vijidonge vilivyoota chini ya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga; ndivyo dalili ya maradhi hayo, na Heinrich Müller akaviita druseni, neno la Kijerumani la mawe yenye fuwele ndani. Mwaka 1885 Otto Haab wa Uswisi aliyabandika maradhi yenyewe jina la uzee. Naona jina hilo lilichelewesha mambo: ukishasema ni uzee, nani atauliza tena sababu?

Karne karibu nzima ikapita. Mwaka 1969 Richard Young na Dean Bok, huko Marekani, walionyesha kuwa seli zinazopokea mwanga hukatika ncha, na seli za tabaka jeusi lililo nyuma yake huzimeza. Ncha hizo zina mafuta tele, na kazi hiyo haina likizo. Ni kama dari ya jiko la kuni: moto wa siku moja hauonekani, wa miaka 70 huacha masizi mazito.

Mwanzoni mwa karne hii, Christine Curcio na wenzake walibaini kuwa kolesteroli iliyorundikana kwenye utando ulio chini ya tabaka hilo jeusi haikuvuja tu kutoka kwenye damu. Jicho lenyewe hufunga vifurushi vya mafuta na kuvisukuma nje. Utando ukizeeka, vifurushi hukwama.

Jeni nazo zilitoa ushahidi, tena wa kustaajabisha. Mwaka 1998 ilionekana kuwa aina ya jeni ya APOE inayoongeza hatari ya Alzheimer hulikinga jicho. Mwaka 2005 ikahusishwa na maradhi haya jeni ya kinga ya mwili, CFH. Mwaka 2010 ikafuata LIPC, inayohusika na kolesteroli.

Tiba haikufuata njia hiyo moja kwa moja. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2013, vidonge vya omega-3 havikuzuia maradhi kusonga mbele. Sindano zilizoidhinishwa huko mwaka 2023 kwa uozo mkavu wa retina unaoletwa na maradhi haya hupunguza kasi yake tu, na hulenga kinga ya mwili. Mafuta zimeyaacha palepale.