Kaburi Tupu la Namirembe

Siku zote nilidhani mtu mwenye imani haogopi. Ndivyo nilivyowachora mashujaa wa riwaya yangu, ile ninayoiandika tangu nimalize kidato cha nne. Kumbe nilikuwa najidanganya. Nimeyajua hayo kwa kusoma habari za Uganda ya Idi Amin.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, pale Namirembe, Kampala, eti wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua kulalamikia unyama wa askari na watu kuuawa ovyo. Tarehe 16 Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake ikatangazwa kuwa wamekufa kwa ajali ya gari. Ajali gani jamani, yenye matundu ya risasi?

Kaburi lilikwisha kuchimbwa Namirembe, kando ya kanisa kuu. Serikali ikaupeleka mwili Mucwini, kijijini kwake kaskazini, ukazikwa huko. Na ibada ya kumwombea Kampala ikapigwa marufuku.

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi, kusema kweli, ningejifungia ndani. Lakini Jumapili ya tarehe 20 maelfu walikipanda kile kilima. Baada ya ibada wakalizunguka shimo lisilo na maiti, wakaimba. Askofu mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akawakumbusha yale ambayo malaika aliwaambia wanawake kwenye kaburi la Yesu.

Waliogopa? Waliogopa sana. Siku hizohizo Askofu Festo Kivengere alitoroka kwa miguu, akavuka milima usiku hadi Rwanda. Siwezi kumwita mwoga. Aliikimbia bunduki, imani akaondoka nayo, na baadaye akaandika kitabu cha kumsamehe Amin.

Kuna jambo linaniuma mimi mwandishi. Kiswahili hiki ninachokipenda, Waganda wengi walikijua kama lugha ya askari wanaogonga mlango usiku.

Amin alipinduliwa Aprili 1979. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Nami nimeichana sura ya kwanza ya riwaya yangu. Shujaa wangu mpya anatetemeka magoti, lakini kilima anakipanda.