Kuzisaka Kompyuta Zilizotekwa

Botineti ni kundi la kompyuta zilizoambukizwa programu haribifu, zikawa zinatii amri za mtu wa mbali pasipo wenyewe kujua. Nyingi za mwanzo zilipokea amri kupitia IRC, mfumo wa maongezi ya maandishi uliobuniwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, hivyo mlinzi wa mtandao aliyeiona mashine ya ofisi ikiwasiliana mfululizo kupitia mlango wa 6667, unaotumiwa na IRC, alikuwa na sababu ya kuishuku. Wepesi huo haukudumu, kwani botineti ya Storm ya mwaka 2007 ilisambaza amri baina ya kompyuta zenyewe, bila seva kuu ya kuzimwa.

Watafiti wa Georgia Tech, mjini Atlanta, ndio walioligeuza swali la jinsi ya kuzitambua botineti. Mfumo wao wa BotMiner, uliotangazwa mwaka 2008, haukujali lugha ya amri, bali ulikusanya pamoja kompyuta zenye mtiririko wa data unaofanana, ukakusanya kando zile zenye vitendo viovu vinavyofanana, kama kutuma barua taka, kisha ukatafuta zilizoangukia pande zote mbili. Hoja nzuri, maana askari wa jemadari mmoja ni vigumu kuficha mwendo wao wa pamoja. Botineti ya Conficker, iliyozuka Novemba 2008, ilijisaliti vingine: ilizalisha majina 250 ya vikoa, yaani anwani za intaneti, kila siku ili kumtafuta bwana wake, na kwa kuwa mengi hayakusajiliwa, rundo la majibu kwamba jina halipo likawa dalili ya maambukizi.