Mahakama Isiyo na Gereza: Filamu ya Milo Rau Ikitazamwa kutoka Rusizi

Mwaka 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimaliza kazi yake Arusha na kufungwa. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Mei, mwongozaji wa tamthilia kutoka Uswisi, Milo Rau, alifungua mahakama nyingine kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, mjini Bukavu, katika shule ya Alfajiri. Mahakama hiyo haikuwa na polisi wala gereza, wala sheria ya nchi yoyote nyuma yake. Hata hivyo, walioiendesha walikuwa wanasheria wa kweli, na mashahidi walieleza mambo yaliyowapata wao wenyewe. Vikao vikaendelea Berlin mwezi wa Juni, kisha ikatoka filamu, The Congo Tribunal, iliyoonyeshwa kwanza kwenye tamasha la Locarno mwezi Agosti 2017.

Filamu hiyo inashambuliwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba inawafanyia mzaha wenye misiba, kwa kuwa hukumu yake haimfungi mtu. Ya pili ni kwamba Mzungu hana haki ya kuja kusimamisha mahakama Kivu. Hoja hizo hujadiliwa zaidi Ulaya. Mimi naona mahali pazuri pa kuzipimia ni Rusizi, wilaya ya Rwanda iliyo mpakani mwa Kongo, ambako mtu akisimama juu ya kilima cha Cyangugu huiona Bukavu ng'ambo ya maji, na akina mama wa Kamembe huvuka daraja la mto Ruzizi asubuhi na nyanya na mayai yao, wakarudi jioni. Mto huo ukishapita Bugarama huingia katika bonde la Mutarule, kijiji ambacho watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014, huku jeshi la Kongo na askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mauaji hayo ni mojawapo ya mambo makuu yanayochunguzwa katika filamu.

Mtazamaji wa Rusizi anazijua mahakama za kweli, tena za aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa Arusha. Katika kesi iliyohusu Cyangugu, aliyekuwa mkuu wa mkoa, Emmanuel Bagambiki, aliachiwa huru mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikathibitisha uamuzi huo. Luteni Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya Karambo, alihukumiwa miaka 27, ikapunguzwa hadi 12. Majaji walipima ushahidi kwa vipimo vya sheria, na kazi yao ndiyo hiyo. Lakini mtu ambaye ndugu zake walizuiliwa katika uwanja wa Kamarampaka mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wengine wakachukuliwa humo wasirudi, aliipata habari ya hukumu kupitia redio, kutoka mji wa mbali. Aina ya pili ilikuwa gacaca, mahakama ya kijamii ya Rwanda, iliyofungwa Juni 2012 baada ya kupitia kesi zinazokaribia milioni 2. Huko watu walikaa pamoja, mtuhumiwa akasimama mbele ya majirani, na wazee kwa vijana wakasikia kwa masikio yao. Gacaca ilikuwa na kasoro zake: mashahidi walitishwa, wengine walisema uongo, na watuhumiwa hawakuwa na mawakili. Hata hivyo, ilitoa kitu ambacho Arusha haikuweza kukitoa, yaani mtu kuulizwa mbele ya aliyemkosea.

Kwa kipimo hicho, hoja ya kwanza haisimami. Bukavu, waziri wa mambo ya ndani wa mkoa wa Kivu Kusini alikaa kitini akaulizwa kuhusu Mutarule, mbele ya watu wa Kivu. Hakuna mahakama ya serikali iliyokuwa imemfikisha hapo. Baada ya vikao, yeye na mwenzake wa madini walipoteza nafasi zao. Sidai kwamba filamu peke yake ndiyo iliyowaondoa, maana siasa za mkoa zina njia nyingi. Ninachodai ni kwamba ukumbi ule haukuwa mzaha kwa waliokaa ndani yake.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, ila imeelekezwa pasipostahili. Abderrahmane Sissako alikuwa ameshaleta mahakama ya namna hiyo kwenye sinema ya Afrika mwaka 2006, katika filamu ya Bamako, ambamo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa vinashtakiwa katika ua wa nyumba alikokulia. Kwa hiyo umbo lenyewe si la kigeni kwetu. La kuuliza ni nani anayekata na kuunganisha picha. Siku kadhaa za vikao, katika miji miwili, zimekuwa filamu ya dakika 100. Mahakama huandika kila neno. Mwongozaji huchagua, na anayechaguliwa kunyamaza hana pa kukata rufaa. Hapo ndipo Rau anapopaswa kubanwa.

Abanwe pia kuhusu miili. Filamu inawaonyesha wafu wa Mutarule wakiwa bado hawajazikwa, na ndugu zao wakilia. Mtazamaji wa Locarno huzipokea picha hizo kama ushahidi. Katika wilaya hii, ambako kila Aprili wapo wanaozidiwa na mshtuko wakati wa maombolezo hata wakabebwa nje, picha kama hizo zinaweza kumrudisha mtu mahali ambapo imemchukua miaka mingi kutoka. Sisemi zifichwe. Nasema zisionyeshwe bila mtu wa kuwaandaa watazamaji na kubaki nao baadaye, kama wafanyavyo washauri wa kiwewe kwenye kumbukumbu zetu.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa huku hawezi kulikwepa. Vita vya Kivu vilivuka mpaka, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilitaja majeshi ya nchi kadhaa, Rwanda ikiwamo, kuhusu uhalifu uliotendwa huko. Serikali ya Rwanda iliikataa ripoti hiyo kwa ukali. Atakayeitazama filamu hii Kamembe atakaa katikati ya mambo hayo mawili, akiwa na msiba wake na wa jirani yake. Ni kiti kigumu, lakini ndicho kinachomfanya aone yasiyoonekana Berlin.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ndicho kinachotumika sokoni pande zote mbili za mto. Vyuo vyetu na waandaaji wa matamasha ya filamu walete The Congo Tribunal Kamembe na Bugarama, ikiwa na sauti ya Kiswahili, na wawaalike watu wa Bukavu na Uvira waketi ukumbini pamoja na watu wa huku, kisha waachiwe muda wa kutosha wa kujibizana.