Wembe Juu ya Karatasi: William Mortensen na Ugomvi wa Picha za Sura

Mwishoni mwa 1932, katika makumbusho ya de Young mjini San Francisco, kundi dogo la wapiga picha lilifanya maonyesho likijiita Group f/64. Jina lilitokana na tundu dogo mno la lenzi, lile linalofanya kila kitu kionekane wazi, kuanzia kokoto iliyo miguuni hadi mlima ulio mbali. Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham walikuwa miongoni mwao. Walichodai kilieleweka haraka: picha iwe picha, isijitie kuwa mchoro, na mkono wa aliyeipiga usiache alama.

Kusini mwa jimbo hilohilo, huko Laguna Beach, palikuwa na mtu aliyefundisha kinyume cha hayo yote, tena kwa ada. William Mortensen alikuwa amefungua shule yake ya upigaji picha mwaka mmoja kabla, na kwa miaka iliyofuata wanafunzi wapatao 3,000 walipita mikononi mwake. Kwake negativu ilikuwa malighafi, kama ubao kwa seremala. Kazi yenyewe ilianza baadaye.

Alizaliwa 1897 Park City, Utah, akasomea uchoraji New York, kisha akafika Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko aliingia katika mapambo ya uso, mavazi na vinyago. Alipiga picha za filamu ya Cecil B. DeMille, The King of Kings, iliyotoka 1927, na akatengeneza vinyago vya West of Zanzibar ya Tod Browning ya 1928, filamu iliyoazima jina la Zanzibar huku ikipigwa California. Kutoka Hollywood alichukua jambo moja lililomfaa maisha yake yote: sura ya mtu hujengwa. Anayeketi mbele ya kamera anaweza kuwa karani wa posta, lakini anayetoka kwenye karatasi akawa Machiavelli, yule mwandishi wa siasa.

Na kweli alimtengeneza Machiavelli. Alitengeneza pia mpiga fidla Paganini, wachawi wakijiandaa kwenda kwenye ngoma zao za usiku, wazushi wa dini wakiteswa, na nyani mkubwa aliyemwinamia mwanamke. Nyingine zinatisha, nyingine ni za kuchekesha bila mwenyewe kukusudia, na chache ni nzuri ajabu. George Dunham, aliyeandika naye vitabu vyake, mara nyingi aligeuzwa mwanamitindo.

Namna yake ya kufanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtu akiona uso uliojaa makunyanzi na vivuli vizito hudhani taa iliwekwa ubavuni ili ichonge mashavu. Mortensen alifanya kinyume. Taa moja aliiweka karibu na lenzi, nyingine ikamulika ukuta wa nyuma, basi. Uso ulitoka bapa, hauna kivuli cha kusema. Kisha filamu aliiacha kwenye dawa muda mrefu kupita desturi, hata saa mbili, mpaka kila tofauti ndogo ya ngozi ijitokeze yenyewe. Wakati wa kuchapisha, aliweza kuweka wavu mwembamba wenye michirizi kati ya mwanga na karatasi, picha ikatoka kama imechongwa kwenye bamba la shaba.

Karatasi ikishakauka, kazi ya mkono ilianza. Alichukua unga mweusi wa kaboni, akaupaka kwa pamba sehemu alizotaka zizame: chini ya nyusi, pembeni mwa pua, kwenye mikunjo ya shingo. Palipohitaji kung'aa alipitisha kifutio. Doa jeusi lililokataa kutoka alilikwangua kwa wembe, utando mmoja mwembamba baada ya mwingine, kwa uangalifu asije akafika kwenye karatasi tupu. Alipomaliza, hata aliyezoea chumba cha giza angesita kusema kama anaangalia picha ya kamera au kazi ya mchoraji. Hilo ndilo alilolitaka, na hilo ndilo lililowaudhi wenzake wa San Francisco.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Katika The Command to Look, kitabu kilichotoka 1937, alieleza kwamba picha lazima kwanza imshtue mtazamaji kwa umbo lake, kabla hajajua ni picha ya nini. Maumbo aliyoyataja yalikuwa mstari unaokata kama radi, mkunjo wa herufi S, pembetatu, na tonge moja zito linalotawala. Kilichomo ndani kiguse mapenzi ya mwili, huruma au maajabu. Mwisho mtazamaji apewe kazi ya kufanya kwa macho, asiachwe akodoe tu. Mtu anayetengeneza matangazo leo angeusoma mpango huo akitikisa kichwa kwa kukubali.

Jarida la Camera Craft la San Francisco lilizipa pande zote mbili kurasa, na katika miaka ya 1930 wakashambuliana humo. Adams alifika mahali pa kumwita Mortensen Mpinga Kristo. Maneno makali, hasa yakitoka kwa mtu ambaye naye hakuiacha negativu ijisemee. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga 1941, aliichapisha tena na tena kwa miaka mingi, na anga lake likazidi kuwa jeusi kwa sababu alilichoma kwa mwanga pale chini ya mashine ya kuchapishia. Mkono ulikuwapo siku zote. Adams aliuficha, Mortensen akauacha uonekane.

Mshindi wa ugomvi alipatikana ofisini. Mwaka 1940 Museum of Modern Art ya New York ilianzisha idara ya picha, Adams akiwa mmoja wa walioisaidia kusimama, na mwangalizi wake akawa Beaumont Newhall. Newhall ndiye pia aliyeandika historia ya upigaji picha iliyosomwa vyuoni kwa miongo kadhaa, na Mortensen hakutajwa humo. Alifariki 1965, wakati ambapo kizazi kipya cha wapiga picha hakikujua hata kwamba kuna jina la kusahau. Mhakiki A. D. Coleman alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Mortensen aliondolewa kwa makusudi. Leo nyaraka za Mortensen ziko Tucson, Arizona, katika kituo cha upigaji picha kilichoanzishwa 1975 kwa msaada wa Adams mwenyewe.

Wembe ulirudi kwa njia ya kompyuta. Programu ya Photoshop ilitoka 1990, na baadaye ikapata vifaa viwili vilivyotoka moja kwa moja chumba cha giza, kimoja cha kukinga sehemu isipate mwanga na kingine cha kuichoma. Alama ya hicho cha pili hadi sasa ni mkono uliokunjwa. Mwaka 2007 programu ya Lightroom ikaongeza kitufe cha kutelezesha kinachokaza tofauti ndogo za ngozi, kazi ileile ambayo Mortensen aliiachia dawa kwa saa mbili.

Miaka hiyohiyo Andrzej Dragan, mwanafizikia wa Poland, alianza kujulikana kwa picha za sura ambazo kila tundu la ngozi linaonekana, macho yanawaka, na rangi karibu zote zimekauka. Alimpiga picha David Lynch, na uso wa mtengenezaji filamu huyo ukaonekana kana kwamba umeishi karne mbili. Wapenzi wa kamera kila mahali walijaribu kukisia alifanyaje, na haikuchukua muda vikapatikana vifurushi vya amri za kompyuta vyenye kubeba jina lake: bonyeza mara moja, mjomba wako awe mzee wa kwenye ngano. Wengi walianza na nyuso zenye vivuli vikali, kisha wakakaza kila kitu kwa kipimo kimoja, wazee kwa watoto, na hata mabibi harusi wakatoka na ngozi ya mchimba makaa. Dragan alikuwa akichagua nyuso zake kwanza.