Namasagali, Mzizi wa Chuo Kikuu cha Busitema

Wako wanaosema Chuo Kikuu cha Busitema kilizaliwa mwaka 2007, serikali ilipotoa hati yake. Hiyo ni tarehe ya karatasi. Sisi wa Busoga twahesabu tangu 1912, reli ya kutoka Jinja ilipofika Namasagali.

Mto Nile ukitoka ziwani pale Jinja hupita katika maporomoko, na meli haiwezi kupita. Ndipo Waingereza wakajenga reli mpaka Namasagali, nchi ya Bugabula, mahali mto unapotulia. Pamba ya Teso na Lango ililetwa kwa meli za Ziwa Kyoga, ikapakuliwa gatini, ikapandishwa mabehewani kwenda Jinja. Wasafiri wa Masindi, Kongo na Sudani walipita papo hapo. Wazee wanasema ulikuwa mji hasa, na neno lao ni la kweli, maana majengo ya watu wa reli ndiyo yaliyokuja kuwa chuo.

Mvua za 1961 zikajaza maziwa na mto, maji yakapanda gatini, bandari ikafa. Hata hivyo mahali hapakuachwa kuwa gofu. Miaka ile ile ya sitini shule iliyoanzia Kamuli ikahamia hapo, watoto wakasomea na kulala katika majengo ya reli. Mwaka 1967 akaja Padri Damian Grimes wa shirika la Mill Hill, akawa mwalimu mkuu mpaka 2000. Hapa sina budi kutua kidogo. Ni shule gani nyingine ya Uganda iliyotilia maanani ndondi, ngoma na maigizo kama ilivyotilia maanani hesabu? Padri mwenyewe alifundisha ndondi. Walikuwapo walionung'unika kuona mabinti wakicheza jukwaani, naye hakuwasikiliza. Vijana wake waliigiza mpaka katika Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. Anayesema Namasagali ilibebwa na Busitema na aulize kwanza ni nani aliyemletea mwenzake jina.

Turudi kwenye ile tarehe ya karatasi. Mwaka 2007 chuo cha zana za kilimo cha Busitema, kando ya barabara kuu ya Jinja na Tororo, kikafanywa makao makuu ya chuo kikuu kipya. Profesa Mary Okwakol akawa makamu mkuu wa kwanza, mwanamke wa kwanza Uganda kuongoza chuo kikuu cha umma. Kati ya kampasi zake, Nagongera ilipewa ualimu wa sayansi, Arapai kilimo na mifugo, Pallisa usimamizi. Namasagali ikapewa maliasili na mazingira, jambo linalostahili mahali palipouawa na maji. Mbale ikapata kitivo cha tiba mwaka 2013, katika hospitali ya rufaa.

Ombi letu kwa baraza la chuo ni hili: mwaka 1912 uandikwe langoni Namasagali, na majengo ya reli yaliyosalia yasibomolewe.